Shavu la Rasim Lililonyolewa Kwingine

Fundi Nafiz aligundua Jumatatu asubuhi, hata glasi yake ya kwanza ya chai hajaimaliza. Rasim, muuza dengu za kukaanga, alipita mbele ya duka, akainua mkono, akatoa salamu na kushika njia yake. Uso wake ulikuwa umenyolewa, na aliyeunyoa hakuwa Nafiz.

Wapo watakaosema, sasa hapo kuna nini, uso si wake mwenyewe? Hao hawaujui mji wetu wa Çorum. Kwetu mwanamume atahama nyumba, atahama chama, hata dawa ya moyo atabadilisha bila kumuuliza daktari, lakini kinyozi habadilishi. Rasim alikuwa amekalia kiti cha Nafiz miaka ishirini na sita, kila baada ya siku moja. Nafiz ndiye aliyemnyoa siku ya harusi yake na siku ya kumzika baba yake. Hata mwanawe Oktay, ndevu zake za kwanza, ambazo hazikufika hata kumi na mbili, zilitolewa na Nafiz kwa heshima zote.

Basi akamwita. Akamwagizia chai, akamkalisha akitazama dirisha ili mwanga umpige usoni, akaanza kumkagua huku akijidai anauliza habari za dengu.

Kila wembe una mwandiko wake, na Nafiz aliusoma kama mtu anayesoma barua si yake. Wembe wa nyumbani, ule wa kuchomeka kwenye kishikio, huacha michirizi karibu na sikio na kisehemu cha ndevu chini ya pua. Wembe wake yeye, wa chuma cha kufuliwa, alioachiwa na fundi wake, huacha shavu laini lakini limefifia kidogo, na chini ya taya huacha vipele vyekundu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akimwambia Rasim kwamba vile vipele ni damu yake mbaya. Leo damu mbaya haikuwepo. Ngozi iling'aa mpaka shingoni, na sharafa, zile ndevu za kando ya masikio, zilikatwa zikanyooka kama zimepigwa rula. Hiyo ilikuwa kazi ya nusu wembe, ule mwembamba unaovunjwa kati ungali ndani ya karatasi yake, nusu kwa kichwa kimoja kisha unatupwa. Nusu wembe ukiwa katika mkono mzito huacha vitone vya damu. Hapa hapakuwa na kitone hata kimoja. Mkono mwepesi namna hiyo mjini ulikuwa mmoja tu, na Nafiz aliujua vizuri kwa sababu aliufundisha mwenyewe.

"Nani kakunyoa?" akauliza.

"Mwenyewe, nyumbani," Rasim akajibu, macho kwenye glasi.

Nafiz akamsindikiza hadi mlangoni, akamtazama kisogo. Nacho kilikuwa kimesafishwa, mstari safi kutoka sikio hadi sikio. Hakuna mtu mwenye macho kisogoni. Rasim alikuwa amemdanganya mchana kweupe, na wivu ukampanda Nafiz mpaka masikio yakamwaka moto.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo kikubwa chenye taa pande zote, Bedri alikuwa akikung'uta taulo. Huyu Bedri alifika kwa Nafiz ana miaka tisa, akafagia nywele, akapika povu, akajifunza kunoa, akakaa miaka kumi na mmoja. Miaka minne iliyopita akafungua duka lake, na kati ya maduka yote ya Çorum akakodi hilo la mkabala. Tangu siku hiyo kila aliyekaa kwenye kiti cha Nafiz alipakwa povu na kusimuliwa Bedri. Bedri hana shukrani. Bedri kanunua taa ili watu wasione anavyonyoa. Wembe wa kutupa ni wa kunyolea miguu ya wanawake, na kinyozi asiyenoa ni karani tu. Nafiz angeweza kukupitisha shavu la kulia hadi la kushoto bila kuvuta pumzi, na wewe, mdomo umejaa sabuni, utajibu nini? Sisi wateja tulifumba macho tu.

Lakini sasa lililomtia homa lilikuwa kubwa kuliko shavu moja. Jumapili Oktay alikuwa anaoa. Kwetu bwana harusi hunyolewa uani kwao, ngoma na zumari zikilia, mtaa mzima umezunguka kiti, na kinyozi anayeitwa ni kinyozi wa nyumba ile. Akiitwa mwingine, yule wa zamani na afunge duka akalime vitunguu, kwa maana watu watauliza ana kasoro gani. Na Nafiz hakuwa ameitwa. Jumatatu ikapita kimya, Jumanne kimya. Kila kivuli kilichoelekea mlango wa Bedri alikiona ni cha Rasim.

Jumanne alasiri akafunga duka mapema, akaenda mpaka mtaa wa watengeneza matandiko ya farasi, mahali asikojulikana, kununua kishikio na pakiti ya nyembe za kuvunja. Muuza duka akamfungia vizuri na kumuuliza kama anamnunulia Bedri. Nafiz akalipa, akatoka.

Akajifungia jikoni na kioo. Akavunja wembe, akapachika, akajipaka povu. Kitu cha kwanza alichokosa ni sauti. Wembe wake wa kufuliwa huimba juu ya ndevu, na kwa mlio huo mkono hujua umefika wapi. Huu ulipita kimya kabisa, akadhani haujakata kitu, akaongeza nguvu, akajichana kidevu. Akajaribu tena. Wembe wake ulikuwa mzito na uliteremka wenyewe. Huu haukuwa na uzito, ulitaka kulazwa zaidi na kuongozwa kwa ncha za vidole. Shavu la pili halikupata hata mkwaruzo. Akalipapasa. Lilikuwa laini kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote, na jambo hilo lilimwumiza kuliko kidevu.

Mkewe Melahat akafungua mlango kwa kisigino, mikono imejaa unga, akamkuta na karatasi za sigara zimebandikwa kidevuni.

"Kwa hiyo ni kweli Rasim amekwenda kwa Bedri," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Miaka thelathini na mmoja hujawahi kunionea wivu namna hii, bwana. Ningekuwa na ndevu ningefaidi."

Jumatano Oktay akaja dukani mwenyewe. Akabusu mkono wa Nafiz, akauweka kwenye paji la uso wake kama inavyotakiwa, akasema baba amemtuma: Jumapili saa nane, uani. Nafiz nusura amkumbatie. Halafu, kwa sababu wivu ukishakaa haujui kushukuru, akauliza kama Bedri naye ameitwa. Oktay akasema ndiyo, amealikwa kama mgeni.

Mgeni! Maana yake atasimama pale na kutazama. Furaha yote ya Nafiz ikaishia hapo. Akaamua kwamba wembe wake wa kufuliwa utashinda nusu wembe, tena kwa wembamba uleule. Siku tatu akanoa. Alitoa kinoo cha kijivu, akatoa kile laini cha manjano, mafuta, ukanda wa ngozi, kisha kinoo tena. Kila mara aliponyoa unywele wa mkononi mwake aliona wembe bado haujawa mwembamba vya kutosha. Kumbe nusu wembe huwa mwembamba kwa kuwa unafanya kazi ya uso mmoja na kufa. Wembe wa kufuliwa lazima makali yake yaachiwe nyama kidogo nyuma, la sivyo yanajikunja. Jambo hili Nafiz alilijua kuliko jina lake. Aliwahi hata kumzaba Bedri kofi kwa kulisahau. Lakini mwenye wivu hana kumbukumbu.

Jumapili ua wa Rasim ulijaa mpaka juu ya ukuta. Oktay alikuwa amefuga ndevu siku tisa, ndivyo desturi, ili kinyozi apate kazi ya maana. Nafiz akampaka povu, ngoma ikapigwa, shavu la kulia likatoka zuri. Akafanya lile ambalo kila kinyozi wetu hufanya katika siku kama ile: akasimama katikati ya kazi, akanyanyua wembe, akatangaza kwamba haukati. Marafiki wa bwana harusi wakacheka, wakachomeka noti kwenye taulo, wembe "ukapona", akaendelea.

Akafika kidevuni, penye ndevu ngumu. Mlio ukabadilika. Wembe ukakwama, ukavuta, na machozi yakamtoka Oktay.

"Wembe haukati," Nafiz akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi mroho huyu! Noti nyingine zikachomekwa, mpiga zumari akamsogelea na kumpulizia sikioni. Nafiz akajaribu tena, Oktay akauma meno.

"Jamani, haukati. Kweli haukati."

Kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka, na ami yake Oktay akatoa noti kubwa akaipunga hewani. Nafiz akasimama na nusu uso wa bwana harusi mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Katika ua mzima mtu mmoja tu hakucheka. Bedri alikuwa ameusikia ule mlio, naye alijua maana yake, kwa kofi.

Akajipenyeza mbele, akasema kwa sauti kwamba anamletea fundi wake taulo jipya. Ndani ya taulo kulikuwa na wembe wake, nusu mpya imeshapachikwa.

"Ulaze kidogo, fundi," akanong'ona.

Nafiz alitamani kumtupia usoni. Kufundishwa na Bedri, mbele ya Rasim! Lakini kijana wa watu alikuwa anasubiri na uso nusu. Akaupokea, akaulaza, akamaliza. Kidevu, shingo, chini ya taya. Ulikuwa unyoaji mzuri kuliko wote wa maisha yake.

Ngoma ikarindima. Rasim akampapasa mwanawe shavu, akamtundikia Nafiz begani shati la zawadi, akamgeukia Bedri.

"Umeiona mikono hiyo?"

"Nimeiona, mzee," Bedri akasema. "Ndiye fundi wangu."

Angetukana, Nafiz angepumua. Lakini ule wema hakuuweza. Huyu kijana kamchukua mteja, kamshinda kwa wembe, sasa anataka kumshinda hata kwa roho! Akamshika Rasim mkono, akamvuta nyuma ya nyumba, penye masufuria ya ngano na nyama.

"Wembe ule ni wa Bedri," akasema. "Wangu umekufa kidevuni. Sitaki kusifiwa kwa kitu cha mtu."

"Najua. Ninayo macho."

"Basi nenda kwake. Nimeujaribu nyumbani, ni mzuri kuliko wangu. Nenda, usinidanganye tena kwamba unajinyoa."

Rasim akautoa mkono wake.

"Nani kakwambia nilifuata wembe?"

Rasim akafunika sufuria moja, akaendelea.

"Miaka minne, Nafiz, nakaa kwako na povu mdomoni. Bedri hivi, Bedri vile, na siwezi hata kujibu. Siku moja nikachoka, nikavuka barabara. Yule kijana, tangu anipake povu mpaka anitie marashi, hadithi yake ni moja tu: fundi wangu alinifundisha hivi, fundi wangu hakuwahi kumkata mtu. Nimekwenda mara tatu. Nilikuwa na hamu ya kusikia mtu akikusema vizuri."

Uani walikuwa wanamwita Rasim aje kucheza. Akaenda. Nafiz akabaki penye masufuria, anaufuta wembe wa Bedri, upande huu, upande ule, na ulikuwa umeshakuwa safi kitambo.