Mama, huo siyo utafiti

Nina hasira kwelikweli!

Leo nimefika nyumbani Makambako, nikamkuta mama ameacha dawa za presha. Anakunywa maji ya majani ya parachichi.

“Utafiti umethibitisha,” akasema, akinipa jarida lenye mapicha.

Nikalisoma. Jina la mtafiti hakuna. Marejeo hakuna. Ukurasa wa pili? Tangazo la majani hayohayo!

“Mama, hili ni la biashara. Jarida la kitaalamu huhakikiwa na wataalamu wengine kabla halijachapishwa.”

“Mbona nimelitoa zahanati?”

Nikamwambia avae viatu.

Nikampeleka kupima kwenye zahanati hiyohiyo. Presha iko juu mno. Na kwenye benchi la wagonjwa, majarida yaleyale yamepangwa vizuri!

Nimeyabeba yote. Ningeyaacha, jamani?