Kumvuta Mgeni Ngomani

Mchele mpya ukitwangwa una harufu yake. Si ya pumba wala si ya jasho la watwangaji, ni kama maziwa yaliyopashwa moto kidogo, na mimi nikiisikia mpaka leo nageuka kutafuta ngoma ilipo, kwa sababu kwetu Mpimbwe harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: jioni kuna ngoma ya mavuno. Misa ya shukrani imekwisha asubuhi, wazee wameshaonja pombe, njuga zimetolewa darini zikapanguswa vumbi. Mama yangu ndiye aliyekuwa anaongoza kuimba. Hakuwa na sauti nyembamba ya kwaya. Ilikuwa nzito, na akiianzisha wanawake wa kitongoji cha pili waliacha vyungu jikoni wakaja.

Ngoma ile ilikuwa na sheria moja. Haitazamwi. Duara likishapata moto, sisi wasichana wadogo tulitumwa kuita, yaani kwenda kwa kila aliyesimama pembeni, kumshika mkono na kumvuta ndani. Akikataa unamvuta tena, anacheka, anaingia. Mgeni ndiye aliyevutwa wa kwanza, maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na utaponaje kama umemwacha amesimama kama mti? Aliyeachwa nje ya duara kwetu ni mtu mwenye ugomvi na kijiji, au anayesemwa kwa uchawi. Kumwacha mtu nje ni kumtukana mbele za watu. Hilo nililijua kabla sijaijua Baba Yetu.

Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, na Bwana Utamaduni akaja. Ndivyo tulivyomwita, afisa aliyekuwa anakusanya vikundi vya ngoma. Alikuwa mtoto wa kwetu kabisa. Mama alimkumbuka akiwa mdogo, akivutwa ngomani huku analia kwa aibu. Akasema kuna tamasha kubwa kwenye jiji moja la pwani, wageni wanakuja na familia zao, wanataka ngoma za bara. Tukapanda lori mpaka Mpanda, kisha treni, tukakaa njiani mpaka miguu ikavimba. Wanawake waliimba karibu njia nzima. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nikalala juu ya ngoma zilizofungwa kwenye kanga.

Uwanja wa tamasha ulinukia samaki wa kukaanga na mafuta mazuri ya wanawake. Kulikuwa na bembea za rangi, mtu aliyevaa kama simba akiwasalimia watoto, watoto waliochorwa maua mashavuni. Sisi tuliwekwa nyuma ya turubai, tukaambiwa tusitoke mpaka tuitwe. Tulipoitwa tukakuta kamba imezungushwa, sisi ndani, wageni nje wamekaa kwenye viti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alinong'ona shangazi, wanawake wakacheka. Mama akaanzisha. Njuga zikaitikia. Pale duara liliposhika moto nikaangalia nje, nikawaona watu wengi kiasi kile wameachwa wamekaa, nikawaonea huruma. Nikainama chini ya kamba nikaenda kufanya kazi yangu. Nilimshika mkono mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa rika langu. Nikavuta. Akashtuka, akaurudisha mkono, akaangalia bangili yake kama bado ipo.

Mlinzi akanikamata begani. "We mtoto, unatafuta nini kwenye mikono ya watu?" Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mabibi na mabwana, tulieni, hako katoto kametoka porini, bado hakajaujua mji." Watu wakacheka sana. Nikacheka na mimi, nikidhani ndiyo wanakuja. Ngoma ilikuwa imesimama.

Bwana Utamaduni akamfuata mama. "Mama Anjela, nenda kamwombe radhi yule mama, tutafukuzwa wote."

"Radhi ya nini? Mtoto kamkaribisha. Si unajua?"

"Najua. Lakini hawa hawakaribishwi, wamekuja kutazama."

Mama akawaangalia wenzake waliosafiri njia yote ile. Akapita chini ya kamba, akapiga goti mbele ya mwanamke yule, akapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa. Na wageni wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya ngoma. Wakapiga picha, mmoja akaomba arudie, hakuona vizuri. Kisha tukacheza mpaka mwisho, bila kuita, mama akiimba na tabasamu aliloagizwa.

Kwenye treni ya kurudi alisema neno moja tu. "Tumewaacha watu wote wale nje, na hawajatukosea." Msimu uliofuata alikaa na wazee, hakuanzisha wimbo. Hakuanzisha tena mpaka tunamzika.

Padri ananiambia nisamehe. Yule mwenye bangili nilishamsamehe, hakujua. Hata mshereheshaji namwombea kwenye rozari, kwa shida, lakini namwombea. Ila yule aliyesema "najua" bado yuko kooni kwangu. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi mtu wa kwetu ndiye aliyetupeleka tukachezee mahali pa kudharauliwa, akijua, akabaki na cheo chake.

Sasa naishi Shanwe, mjini Mpanda, na binti yangu Tekla yuko kikundi cha ngoma cha shuleni. Wamealikwa pwani kwenye tamasha la familia, ngoma ileile. Kwenye kikao cha wazazi cha kuombwa ruhusa nikamuuliza mwalimu, wakifika kwenye kuita, wataita?

"Hapo tumepaondoa, Mama Tekla. Muda hautoshi, halafu kuna usalama wa wageni."

Nikasema basi mwanangu haendi. Mzazi mmoja akadakia, "Nyie mlioiona bahari hamtaki na wenzenu waione," kikao kizima kikaangua kicheko. Elimu yangu ni ya masomo ya jioni, nilisoma huku nanyonyesha, sina maneno mengi ya kikao. Lakini hapana naijua.

Tofauti ya wakati ule na sasa ni hiyo tu. Kamba zipo, viti vipo, hata harusi za hapahapa Mpanda siku hizi watu wanakaa wanarekodi kwa simu na hakuna anayemvuta mwenzake. Ila mama yangu hakuulizwa kitu mpaka alipokuwa mbele za watu na wenzake nyuma yake. Mimi nimeulizwa mapema, nikiwa kwetu, nimevaa viatu vyangu.

Basi la shule liliondoka jana alfajiri. Tekla hajala tangu jana mchana, na hanisemeshi ila kwa kunijibu. Leo wakati tunachambua mchele akasema bila kuniangalia, "Kwani hata wangekataza, mimi ningewavuta tu."

"Najua ungewavuta," nikamwambia. "Ndiyo maana hujaenda."