Chanjo Niliyoiahirisha

Mimi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha hapa Kamembe, lakini ukoo wetu wote huniita Docteur. Kosa ni la shule. Nilisoma biokimia sekondari kule Bukavu, Kongo, kabla hatujarudi upande huu wa mto, na kwa watu wetu, aliyewahi kuchora figo ubaoni ni nusu daktari. Mtoto akiharisha, napigiwa simu. Mama akivimba miguu, napigiwa simu. Nami badala ya kusema sijui nilikuwa najibu, tena kwa sauti ya mtu mwenye haraka, ili nisiulizwe swali la pili.

Binti yetu mdogo alipofikisha miezi tisa alitakiwa apigwe sindano ya surua. Mke wangu alimwogesha, akamvika gauni la Jumapili, akatoa fishi, kadi yake ya chanjo, kutoka chini ya godoro. Mimi nikasimama mlangoni nikasema leo hapana. Mtoto alikuwa anaota jino na mwili una joto kidogo. Zaidi ya hilo, nilikuwa sijamsahau kaka yake, ambaye alipokuwa mchanga alichomwa mapaja yote mawili siku moja akalia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake alikuwa anacheka, lakini mimi kicheko sikukiweka akilini, niliweka kilio. Nikajitungia kanuni kwamba mwili wa mtoto upumzike kwanza, sindano ije akiwa mzima kabisa. Ilisikika kama kitu kilichotoka kitabuni. Hakuna kitabu nilichokisoma kilichosema hivyo.

“Papa, banasemaka joto kidogo haina tabu,” mke wangu alisema. “Banamuchoma tu.”

“Bo habamujue mutoto wetu,” nikamjibu. “Mimi njo ninamujua.”

Wahenga walishanisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utotoni, na siku ile haikunipitia kichwani hata kidogo.

Jino likatoka, kikohozi kikaja. Kikohozi kilipoisha tukampeleka kwa mama yangu Bukavu akakae wiki mbili, kwa kuwa nyanya zilikuwa zimejaa sokoni na mke wangu alikuwa anavuka mpaka kila alfajiri kwenda kuziuza. Mtoto aliporudi, ukucha wa kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto ulikuwa na wino mweusi. Kila aliyekulia Kongo anaujua wino ule. Watu wa kampeni hupita nyumba kwa nyumba, na mtoto aliyekwisha kuchanjwa hutiwa alama ili asirudiwe. Nilikinyanyua kidole kile mbele ya mke wangu.

“Unaona? Balisha muchanja kule. Mambo imeisha.”

Sikuuliza amechanjwa nini.

Na kwa kuwa niliamini keshapata, nikaanza kuogopa upande wa pili: sindano mbili za ugonjwa mmoja, karibu karibu, si zitamuunguza? Mjumbe wa afya wa mtaa wetu alikuja na daftari lake. Nikamwonyesha kidole. Akaja tena baada ya mwezi, wino umekwisha kufutika, nikamwonyesha hasira. Aliniomba fishi ya Kongo, nikasema iko kwa mama yangu. Aliandika alichoandika, akaaga kwa adabu. Nilimwona mama msumbufu asiye na kazi nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo mtoto alivyofika miezi kumi na minne.

Jumatano moja, saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijawasha mashine, dada yangu mdogo alinitumia picha. Yeye anakaa kwa mama kule Bukavu, na ana binti aliyezidiwa na wangu mwezi mmoja. Kwenye picha yule mtoto alikuwa na vipele vyekundu uso mzima mpaka shingoni, macho yamevimba na kuwa mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. Chini ameandika, “Yaya,” maana kwetu kaka mkubwa ndiyo yaya, “angalia huyu mutoto. Ni nini?”

Hiyo niliijua. Katika udaktari wangu wote, hilo lilikuwa swali la kwanza nililokuwa na jibu lake la kweli, na nilitamani nisiwe nalo.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa kule. Tulifika saa tano, baada ya misa, na watoto wale wawili walicheza mpaka jioni. Walinywa uji kikombe kimoja. Walilala kitanda kimoja, pua kwa pua. Binti wa dada alikuwa anakohoa na kuchuruzika kamasi, nami nikamfuta kwa kidole changu nikasema ni mafua ya vumbi.

Nikampigia mama. Hata shikamoo sikumpa.

“Maman, ile wino ya ku kidole ya mutoto wangu, ilikuwa ya vaksini gani?”

“Ile ya matone.”

“Matone gani?”

“Matone si matone! Balimutiya mu kinywa. Ya polio. Docteur muzima haujue?”

“Na sindano ya surua?”

“Ile si mulimuchoma kule kwenu? Fishi si iko kwenu?”

Nilikaa juu ya rundo la vyuma. Huku tulidhani wamechanja kule, kule walidhani tumechanja huku, na mtoto wa ng'ambo mbili za mto mmoja hakuwa na chanjo ya upande wowote. Kulikuwa na jambo jingine. Miezi minne nyuma dada yangu alinipigia simu. Binti yake alikuwa anaharisha kidogo, akaniuliza ampeleke kwenye sindano ya surua au angoje. Nilimwambia angoje. Nilimpa ile kanuni yangu huku nikikata bomba, wala sikusimamisha msumeno.

Asubuhi ile dada sikumjibu kwa kirefu. Niliandika, “Ni surua, mupeleke hopitali sasa hivi,” nikakimbia nyumbani kumchukua mtoto wangu, aliyekuwa ameachwa na jirani. Mke wangu alikuwa ng'ambo na nyanya zake na simu yake haikupatikana. Nilimchukua mtoto mikononi, akiwa na andazi mdomoni, na kitambaa cha kubebea cha mama yake begani mwangu.

Kituoni muuguzi alimpima joto. Hakuwa na homa. Nilimweleza yote, wino, matone, Jumapili. Alinisikiliza bila kunipa neno la kunituliza, na nilimshukuru kwa hilo baadaye sana. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

“Jumapili saa ngapi balikutana?”

“Saa tano.”

Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo.

“Papa, sindano ikipigwa mu siku tatu tangu akutane na mugonjwa, inaweza kumukinga. Inaweza. Siahidi kitu. Siku tatu zako zinaisha leo saa tano.”

“Basi mupige.”

“Hapa kuchanja ni kesho. Timu imeenda Nkanka na glasieri, ile sanduku ya barafu, na mwenye funguo ya friji ya vaksini iko nabo kule.” Tayari alikuwa ameshika simu kuwaambia. “Enda. Kesho ni kuchelewa.”

Moto, yaani pikipiki ya kukodi, huchukua abiria mmoja, na abiria huyo anahitaji mikono ya kujishikilia. Kwetu mwanamume humbeba mtoto kifuani au begani. Mgongoni ni mahali pa mama. Muuguzi hakuniuliza. Alinipindisha mgongo, akamlaza binti yangu juu yake, akanifunga kitambaa cha mke wangu kifuani kwa fundo ambalo sikujua hata kulifungua. Nikatoka hivyo hadharani, mbele ya wateja wangu wawili.

Njia ya Nkanka ilikuwa imechimbwa na mvua. Dereva alikuwa mwangalifu na mimi nilimchukia kwa uangalifu wake. Kila mara alipopunguza mwendo nilimgonga begani, na kila nilipomgonga alipunguza zaidi, mpaka akasimama kabisa akageuza kofia yake.

“Mzee, unabeba mutoto ao unabeba mawe?”

Nikaacha kumgonga. Mgongoni binti yangu alikuwa akiimba wimbo wake usio na maneno, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa mashimo ya barabara. Nilihisi joto lake mgongoni na sikujua kama ni joto la kubebwa au ni homa imeanza. Ziwa lilikuwa chini kushoto kwetu. Siwezi kusema lilikuwa na rangi gani siku hiyo.

Tulifika saa nne na dakika thelathini na tano. Watu wa chanjo walikuwa kwenye veranda ya jengo moja, meza moja na benchi mbili, na kwenye nyasi wanawake kama thelathini wamekaa kwa mstari na watoto wao. Waliponiona nina mtoto mgongoni, walicheka. Mmoja aliuliza kwa Kinyarwanda kama mama amenikimbia. Siku nyingine ningewajibu, maana mimi nina mdomo. Siku ile nilienda moja kwa moja mezani.

“Papa, mustari,” muuguzi wa pale alisema bila kuinua kichwa.

“Nimetumwa kutoka kituoni. Bamekupigia.”

“Nimesikia. Lakini hawa bamama bamefika tangu saa kumi na mbili. Uwaambie wewe mwenyewe.”

Ikabidi nigeuke. Nilisema kwa Kinyarwanda changu cha kuokoteza kwamba mtoto wangu amelala na mgonjwa wa iseru, ndivyo inavyoitwa surua kwa Kinyarwanda, na kwamba muda wake unaisha saa tano. Kicheko kilikatika. Wanawake wa mbele walivuta watoto wao kifuani, wawili wakainuka na kuanza kuondoka. Muuguzi aliwapigia kelele warudi, akisema mtoto huyu leo bado hana cha kuwaambukiza, na kinga ya ugonjwa wanaoukimbia iko pale mezani. Walirudi, lakini walikaa mbali.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari na mjukuu wake, aliniuliza, “Ana miezi mingapi?”

“Kumi na minne.”

“Na ya miezi tisa?”

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kusema alikuwa mgonjwa. Ningeweza kusema mama yake alisahau, naye hakuwepo kujitetea.

“Mimi nilikataa,” nikasema.

Yule mama alimvuta mjukuu wake pajani. Kisha akasogeza magoti yake pembeni nipite. Fundo lilinishinda, ikabidi yeye huyo huyo anifungue. Sindano ilipigwa saa nne na dakika hamsini. Binti yangu alilia kidogo tu, kilio kifupi cha kukasirika, akaomba andazi lake.

Jioni mke wangu aliporudi nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Aliweka beseni chini. Nilitegemea anitukane na nilikuwa tayari. Alichosema ni kwamba mtoto asitoke nje wiki tatu, kama nilivyoagizwa, kisha akaenda kulala naye kitanda kimoja, na mimi akaniachia godoro la chini.

Kila asubuhi nilimpeleka mtoto dirishani nikamkagua nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, maana vipele vya surua huanzia huko. Siku ya tisa baada ya sindano alipata homa. Siku ya kumi niliona vipele vitano shingoni, nikampigia simu muuguzi wa kituo. Muuguzi alisema yaweza kuwa ni chanjo yenyewe inafanya kazi, na yaweza kuwa ni ugonjwa, tungoje. Neno hilo nililolitoa kwa wengine bila hesabu, sasa nililimeza mwenyewe kwa siku mbili na usiku wake. Siku ya kumi na mbili homa ilishuka, vipele vikafifia, mtoto akapanda juu ya meza akamwaga chumvi yote. Mke wangu alicheka, halafu akalia, halafu akanipiga kofi la mgongo, zito, ambalo nililistahili.

Wiki tatu zilipoisha nilivuka peke yangu kwenda kumwona dada yangu. Binti yake alikuwa ametoka hospitali. Nilikuwa nimeambiwa kwenye simu kwamba jicho lina shida, lakini la kuambiwa si la kuona. Jicho la kushoto lilikuwa na weupe katikati, na daktari alishasema halitaona.

Dada yangu alinipikia. Sikuweza kula. Nikamwambia, “Mimi njo nilikuambia ungoje.”

“Ninajua, Yaya.” Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama. “Siku ile nilikuwa mu mustari. Nilikuwa nimeshafika pale ku centre. Kulibaki bamama babili mbele yangu. Nilikupigia tu juu ya kuhakikisha, halafu nikarudi naye nyumbani.”

Nilisogeza sahani pembeni, nikamwita mtoto. Binti yake alisikia sauti yangu, akageuza kichwa chote mpaka bega, ili anione kwa jicho la kulia.