Pampu ya Nusu Unywele

Mume wangu anaitwa Nusu Unywele, na jina hilo si mimi niliyempa. Alipewa na wenzake wa karakana ya mabomba, alikokereza vyuma ujana wake wote. Ukimwagiza chuma, akakuletea, ukakisifu kuwa ni safi kabisa, yeye atakuambia, "Bado, kimezidi nusu ya unywele," kisha anakirudisha mashineni wewe umesimama mkono mtupu. Mtaani hata watoto wa shule humwamkia hivyo, "Shikamoo, Nusu Unywele," naye huitikia bila kinyongo. Mimi nimeishi na huo unywele tangu nilipoolewa. Nimemwona akilinyoosha zulia la sebuleni kwa rula, wageni wenyewe wakiwa wameshabisha hodi.

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba nyumba ile ilikuwa na fundi mmoja.

Alipostaafu alileta gari. Nasema gari kwa heshima tu. Lilikuwa bodi la gari la zamani lenye taa za duara na mgongo wa mviringo, limekaa uani kwa mwalimu mstaafu mpaka majani yakaota kwenye sakafu yake, na kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Mwalimu alilitoa kwa furaha ya mtu anayeondokewa na mgeni mkaidi. Kuku wawili hawakukubali uhamisho. Kila asubuhi walivuka barabara, wakaingia kwa dirisha la gari, wakatulia kitini. Mume wangu hakuwafukuza. Aligonga mabati yake polepole, kuku wamefumba macho, nami dirishani nakanyaga cherehani, na zilikuwapo asubuhi ambazo sikujua nani kati yetu yuko macho na nani anaota.

Chumba cha binti zetu kikageuka karakana. Walikuwa wameshaolewa wote, vitanda vimegawiwa, na pale kilipokuwa kitanda cha mkubwa ikasimama mashine ya kukerezea, ukutani kukiwa bado na alama za penseli za vimo vyao. Alasiri jua liliingia kwa dirisha moja tu, na vumbi la aluminiamu lilielea ndani ya mwanga ule, likipanda na kushuka kana kwamba limesahau kwamba ni chuma. Mara nyingi nilimpelekea chai nikasimama mlangoni, nikaangalia tu, mpaka chai ikapoa na yeye akaniuliza, "Ni yangu hiyo, au umekuja kuinywea hapa?"

Siku moja kikombe chake kilianza kugonga kisahani. Sauti ndogo, tik-tik-tik. Nikamtazama. Akakiweka mezani upesi, akasema ni baridi. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Siku zilizofuata akawa anakunywa chai akinipa mgongo, anajitia hamnazo, mpaka nikachoka. Nikamwambia, "Mficha maradhi kilio humfichua. Vaa viatu twende hospitali."

Daktari alisema nasi kwa upole uliotutisha. Dawa zipo, alisema, zitapunguza lakini hazitaondoa. Mtetemeko umeanza mkono wa kulia, na wa kushoto utafuata. Tulirudi kwa miguu, na tulipofika langoni mume wangu alisimama akaliangalia lile gari.

"Nataka nilisikie linanguruma," alisema. "Kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, kabla haijanikimbia. Baada ya hapo, liwalo na liwe."

Nilikuwa na hasira. Niliionea hasira ile mikono, nikamwonea hasira daktari, nikalionea hata gari. Niliingia ndani nikafumua upindo wa suruali ya mteja uliokuwa hauna kosa lolote.

Injini alikuwa ameshaifufua; kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: pampu ya maji, ile inayozungusha maji ndani ya injini ili isichemke. Ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imetoboka. Wauza vipuri wote walitikisa vichwa. Mmoja alimwuliza, "Mzee, unatafuta pampu au unatafuta ujana?" Mume wangu akamjibu, "Ukiwa navyo vyote, nifungie."

Basi akaamua kuitengeneza nyumbani. Alichonga mfano wake kwa mti, akaufukia kwenye mchanga ulioshindiliwa ndani ya kisanduku, akautoa, pakabaki tundu lenye umbo la pampu. Tanuri lake lilikuwa ndoo ya chuma aliyoikandika udongo, na moto wa makaa uliokuwa ukipulizwa na mashine ya kukaushia nywele aliyoisahau binti yetu wa mwisho. Ndani aliyeyusha pistoni kuukuu, na zilipopungua akaongeza sufuria. Sufuria yangu kubwa, ile niliyokuwa naazimwa na mtaa mzima. Sikujua mpaka nilipouona mpini wake umebaki peke yake juu ya tofali.

Nilifika uani nimejaa maneno, yakaniishia mdomoni. Alikuwa anamimina. Sikuwahi kujua kwamba chuma kinaweza kwenda kimya namna ile, cheupe, chepesi, kikiingia mchangani bila hata kutoa sauti ya maji. Hewa juu yake ilikuwa inacheza, na mume wangu nyuma ya hewa ile alionekana kijana, kisha mzee, kisha kijana tena. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini alikuwa amekibana kiwiko ubavuni, na hakumwaga hata tone.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kututembelea wakati huo. Aliangalia tanuri, akaangalia mkono wa mdogo wake, akanivuta jikoni.

"Wifi, mwambie aache vyuma hivi apumzike."

"Mwanamume akipumzika sana anakuwa samani, wifi yangu. Mimi samani ninazo za kutosha."

Alicheka, lakini alipokuwa anaondoka alimshika mdogo wake mkono akakaa nao muda mrefu, kama anayejaribu kuunyamazisha.

Pampu ilikerezwa, ikatobolewa, ikafungwa kwenye injini. Mume wangu akavalisha mkanda wa feni, akajaza maji kwenye rejeta, na kabla ya kuwasha akauzungusha mkanda kwa mkono, kama kawaida yake ya kujaribu kwanza. Mkanda ukalia. Ukapanda upande, ukachomoka. Shafti ya pampu ilikuwa inaegemea upande mmoja, na shingoni mwake maji yalikuwa yanadondoka, tone baada ya tone. Aliufunga tena, ukachomoka tena.

Hakuangalia pampu. Aliangalia mikono yake.

"Ni hii," alisema. "Imeshaanza kuniharibia kazi."

Aliing'oa pampu akairudisha chumbani, akanawa, akaifunika mashine kwa shuka la maua la binti zetu, akaenda kukaa barazani. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Alikuwa anaangalia barabara bila kumngoja mtu. Nyumba ikawa kimya, na hapo ndipo nilipogundua kwamba siku zote nilikuwa nashona kwa kufuata mdundo wa mashine yake, maana sasa mishono yangu ilikwenda upogo. Niliota lile gari linapita vyumbani mwetu, taratibu, linakwepa viti na meza, hakuna mtu kwenye usukani, na kuku kiti cha nyuma wamelala. Niliamka nikilia, na nikamkasirikia kwa kunifanya nililie gari.

Ndipo akaja mteja wangu mmoja na gauni lake kuukuu. "Nishonee jipya kama hili hili, usibadilishe kitu." Nililipima lile gauni, nikachora kitambaa kwa chaki, nikashika mkasi, nikasita. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Mama huyu alikuwa amebeba mkoba bega hilo kwa miaka, na nguo ikavutika. Fundi mwanafunzi angelikata hivyo hivyo na bega lake la kushuka. Nikamwambia mteja avue koti anyooshe mikono, nimpime yeye mwenyewe, si nguo yake.

Nikiwa na tepu kifuani pake, jambo likanijia kichwani. Nikamwacha pale pale mikono imenyooka.

Kwenye chumba cha binti zetu nilizichukua pampu zote mbili, ya zamani na mpya. Sijui chuma, lakini kidole changu kinajua mshono uliovutika. Nikaingiza kidole gumba kwenye tundu la ile ya zamani. Lilikuwa limeliwa upande mmoja, limezama kidogo kama lile bega. Nikaingiza kwenye ile mpya. Vile vile.

Nikatoka nazo hadi barazani.

"Mzee wangu, mkanda wa feni unaivuta pampu upande gani?"

"Upande wa juu. Niache, mama watoto."

"Na tundu la hii ya zamani limelika upande gani?"

Akachungulia tundu.

"Ulipochonga mfano wako wa mti, vipimo ulivitoa wapi?"

"Hapo hapo, kwenye ya zamani. Ningepima nini kingine?"

"Basi umepima nguo badala ya mwenye nguo. Ukikata gauni jipya kwa kufuata gauni lililovutika, utapata gauni jipya lililovutika. Mikono yako haina kosa. Aliyekudanganya ni huyu bibi kizee," nikamtilia ile pampu ya kutu mapajani.

Alichukua kipimio chake. Ilimbidi aegemeze viwiko magotini ili kitulie. Alipima ya zamani, akapima mpya, akarudia ya zamani. Nilimwona usoni jinsi kitu kilivyokuwa kinafunguka.

"Sawasawa," alisema. "Nimelinakili kosa sawasawa. Hata nusu ya unywele haikupungua."

Akaanza kucheka. Kicheko kikaenda kikageuka, na mume wangu akalia, machozi ya kweli, na mimi nikakaa karibu naye nikalia pia. Mikono ile ilikuwa imefanya kazi yake bila dosari, na yeye siku zote zile alikuwa ameihukumu bure.

Kutoka ndani sauti ikaita, "Mama fundi! Nishushe mikono?"

Akaanza upya. Safari hii hakuipima pampu. Alipima injini yenyewe, pale pampu inapokaa, akatafuta katikati ya kweli. Lakini maradhi hayakumngoja. Mvua zikaanza, makaa yakawa hayawaki vizuri, na mtetemeko ukavuka ukaingia mkono wa kushoto kama daktari alivyosema. Mfano wa mti aliuchonga kwa kuubana kwenye jiliwa na kuukwangua kidogo kidogo, anapumzika, anarudi. Mvua ilipiga bati juu yetu siku nzima, na ndani ya sauti ile ilikuwa kama nyumba yetu imeng'olewa inaelea mahali, sisi wawili tu na harufu ya mti mbichi. Alipomimina mara ya pili, mpini wa chungu cha chuma tuliushika wote wawili.

Ikabaki kazi ya mwisho: kulipanua tundu mpaka kipimo chake. Nilimwona amesimama mbele ya mashine, akiunyoosha mkono kwenye gurudumu dogo la kusogezea kisu, akiurudisha. Akanyoosha, akarudisha.

"Mama watoto," aliita. "Hebu njoo."

"Nina nguo za watu."

"Hizo zitangoja."

Nikaenda. Akanishikisha gurudumu, akasimama nyuma yangu, kidevu chake karibu na bega langu. "Polepole. Usiache, usiharakishe. Kama unavyolizungusha la cherehani." Na kweli, hilo nililijua; nimelizungusha gurudumu la cherehani tangu usichana wangu. Chuma kikaanza kutoka nyuzi nyuzi, ndefu, zinang'aa, zinajikunja sakafuni.

"Utadhani unashona hariri," alisema.

"Hariri haing'ati, mume wangu."

Alikuwa ananiambia simama, anapima, ananiambia endelea. Mwisho akapima, akakiinamia kipimio. Nikajua kinachokuja.

"Kimezidi nusu ya unywele?"

"Kimekaa," alisema. Nimeolewa naye miaka yote hiyo, sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo bila kwanza kukirudisha chuma mashineni.

Niliutazama mkono wangu uliojaa mafuta, nikaona vibaya. "Si ulitaka iwe kazi ya mikono yako mwenyewe?"

Akautazama naye. "Na huo ni wa nani?"

Asubuhi mvua ilipokatika tulilisukuma gari katikati ya ua. Petroli ilikuwa kidogo, kwenye kidumu kilichoning'inizwa juu ya injini, maana tangi lilikuwa bado halijafungwa. Mimi nikakaa kwenye usukani, sijui kuendesha hata baiskeli. Tukakubaliana: nitawasha, yeye atasikiliza, akiinua mkono nizime, tusiimalize petroli bure.

Nikawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikawasha tena, ikakohoa, ikaguna, kisha ikashika. Mkanda haukulia. Maji hayakudondoka. Ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, na gari zima likaanza kutetemeka kidogo kidogo, vioo, milango, kiti nilichokalia, na usukani mikononi mwangu.

Mume wangu aliweka viganja vyote viwili juu ya bawa la gari, kando ya injini, akafumba macho. Niliiangalia ile mikono kama nilivyokuwa nikiiangalia kila asubuhi juu ya kikombe. Ilikuwa inatetemeka na gari na gari linatetemeka nayo, na sikuweza kujua upi ni mtetemo wa nani.

Nilingoja ainue mkono. Hakuinua, nami sikumwuliza. Petroli ilikwisha yenyewe.