Niliwakaanga Nyenje wa Mama Furaha

Asubuhi niliondoka mtaa wa Jacobs na begi langu, sijui niendako. Miguu yangu haitulii. Mchana nikafika mtaa wa Umbilo kwa Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni na chumba cha kupangisha. Nikaomba chumba. Akaniketisha jikoni, akasema atanipa jibu akimaliza kumsuka mteja.

Kungoja kukanishinda. Nikafunua kopo lililokuwa mezani: nyenje hai, wamewekewa karoti, wamepakwa unga mweupe. Sisi wa Bukoba tumekua tukila senene, panzi wa kukaanga. Nikawakaanga kwa kitunguu ili nimfurahishe anipe chumba.

Akarudi na mjusi wa madoadoa anayemfuga, kiganjani.

"Kaka, chakula ya mutoto wangu iko wapi? Unga ile ni ya mifupa yake!" akasema, akimpapasa mjusi.

Nilikuwa bado natafuna.

"Eish! Chumba utapata. Lakini hulali mpaka umukamatie zingine."

Nikapiga magoti nyasini kusaka nyenje, mjusi akinisimamia.