Mama aliyemtafutia mwanawe pa kuwinda London

Saa moja kasorobo asubuhi ya Jumamosi. Southall, magharibi ya London, bado ina giza la Februari, na Jokha Matar ameshavua koti na kukunja mikono. Anamgeuza Mzee Tarsem upande wa kulia, anamfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha anamgeuza kushoto. Mkono mmoja umeshika bega la mzee, mwingine unatafuta soksi kitandani.

"Polepole, mama," mzee analalamika. "Mimi si gunia ya mahindi."

"Gunia lina nafuu, mzee. Halisemi."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. Ana miaka themanini na sita. Ni Singasinga mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake ni kile cha gereji za Kenya ya zamani, kisichojali sarufi wala mtu. Jokha, mwenyeji wa Muyuni, kusini ya Unguja, anakiri kwamba miezi ya mwanzo kilimkera masikio. Siku hizi asipokisikia anaona kama hajafika kazini.

"Mwindaji iko wapi?" mzee anauliza, huku akivishwa sweta.

"Yuko nyumbani, anakagua nyavu. Nikitoka hapa tunakwenda."

Mwindaji huyo ni Hamad, mtoto wa pekee wa Jokha, mwenye umri wa miaka kumi na tatu. Pasaka ikifika, Hamad atachagua moja kati ya mawili: abaki London na mama yake, au arudi Muyuni kwa babu yake moja kwa moja. Mama mwenyewe ndiye aliyemwahidi, na ahadi hiyo sasa inamkosesha raha.

"Nilisema kwa mdomo wangu," anasema Jokha. "Mtu akisema na mtoto, atimize."

Jokha ana miaka thelathini na nane, na tisa kati ya hiyo ameitumia kuwahudumia wazee majumbani mwao. Hufanya kazi saa arobaini na sita kwa wiki, nyumba nne kwa siku, nyingine kwa basi na nyingine kwa miguu. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, jirani na stesheni. Baba wa mtoto waliachana Hamad hajaanza kutambaa.

Alipopata nafasi ya kuja Uingereza, Hamad alikuwa na miaka minne. Alimwacha kwa babu yake akitaraji wangekutana baada ya mwaka mmoja, lakini karatasi za uhamiaji zilichukua minane.

"Nilimwacha hajui kufunga vifungo vya shati," anasimulia. "Nikaja kumpokea uwanja wa ndege, kanipita urefu. Akanipa mkono, akaniamkia. Mwanangu mwenyewe kaniamkia kama mgeni! Nilicheka pale pale, nilipofika nyumbani ndipo nikalia."

Babu huyo, Mzee Matar, ni msasi. Kwa wasiojua mambo ya kusini ya Unguja, wasasi ni wawindaji, watu wa kuingia maweni, kwenye vichaka vya ardhi ya mawe, na mbwa na nyavu kufuata paa na kanga, na kuwafukuza nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo ya watu. Hamad aliingia maweni na babu yake tangu ana miaka sita. Akiwa na kumi alikuwa na wavu wake, aliousuka kwa mikono yake mwenyewe.

London ilimpokea mwezi wa Agosti, na yeye hakuipokea. Shuleni alijibu alipoulizwa tu. Nyumbani alikaa dirishani akitazama njiwa waliojaa juu ya paa la benki.

"Njiwa wote hawa, mama, na hapana anayewagusa?" aliuliza siku moja. Jokha anasema hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoyasikia kwake wiki ile.

Mama akaanza kutafuta. Mtoto anapenda kuwinda, basi apatiwe pa kuwinda, kwani kuna nini? Wenziwe wanapeleka watoto wao mpira na kuogelea. Alipiga simu klabu sita za vijana wanaojifunza uwindaji. Mbili hazikupokea. Tatu zilimtaka awe na gari na mtu mzima mwenye leseni ya bunduki. Ya sita ilimuuliza, kwa adabu nyingi, kama mtoto amewahi kuwa na kesi polisi.

Novemba akasikia kwamba katika bustani moja kubwa ya London kuna paa wanatembea ovyo, mamia. Akafunga chapati na chupa ya chai, wakapanda treni na basi. Kweli waliwakuta, paa wakubwa wenye pembe, wamelala majanini kama mbuzi wa mtu. Hamad alisimama akashika mkono wa mama yake. Hakuwa ameushika tangu afike.

Sasa Jokha akafanya jambo ambalo mtu wa Muyuni yeyote mwenye adabu zake angelifanya. Hakuruka ua wala hakutega kwa siri. Alimwendea mlinzi akamwuliza mkubwa wa msitu huu ni nani, maana wanataka kuomba ruhusa yake wachukue mmoja, mdogo tu.

Mlinzi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akaomba kuona mkoba, akakuta chapati. Ndipo akawaeleza taratibu kwamba wanyama wale wana mwenyewe, na mwenyewe ni mfalme.

"Mwanangu akanigeukia," anasema Jokha, akijizuia kucheka. "Akaniambia, mama, nchi gani hii, paa ana mwenyewe?"

Njiani kurudi Hamad alinyamaza tena, safari hii kwa mwezi mzima. Mwisho wa Desemba akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, kwamba anataka kurudi kwa babu. Jokha hakumfokea. Alimwomba asubiri mpaka Pasaka. Kama bado moyo wake utakuwa Muyuni, atampeleka mwenyewe, wala hatamshika.

Kesho yake alikwenda kazini macho yamevimba.

"Wewe iko na sura ya matanga," Mzee Tarsem alimwambia. "Nani amekufa?"

Jokha akamweleza yote, kuanzia klabu sita mpaka paa wa mfalme. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika kwelikweli.

"Kijana anataka kuwinda, na wewe ananyamaza miezi yote hii? Mimi nimewinda Kenya miaka kumi, kabla serikali hajapiga marufuku! Lete simu."

Mzee Tarsem alikuwa fundi wa matrekta. Kwa miaka ishirini na zaidi alizunguka mashamba ya magharibi ya London akitengeneza mashine za wakulima, na wakulima hawamsahau fundi aliyewaokoa wakati wa mavuno. Alimpigia mmoja wao, Bi Jennifer, mkulima wa karoti na kabichi ambaye baba yake pia alikuwa mteja wake. Alimuuliza swali moja tu, kama sungura bado wanamlia mazao.

Wanamlia, tena vibaya. Kila msimu wa baridi Bi Jennifer huwakamata kwa nyavu na fereti, mnyama mdogo mrefu mfano wa nguchiro, anayetumbukizwa shimoni kuwatoa sungura mbio. Kila mdomo wa shimo hutandazwa wavu. Bunduki haihitajiki wala leseni, madhali shamba ni lake. Kilichomsumbua ni magoti. Hawezi tena kuinama kwenye mashimo thelathini.

"Mwambie alete huyo kijana," alisema.

Jumamosi ya kwanza ya Januari, mama na mwana walishuka basi kwenye njia ya matope. Hamad aliziangalia zile nyavu, akazipitisha vidoleni, akamwambia mama yake kwa Kiswahili kwamba mafundo yamelegea. Akaketi juu ya ndoo akaanza kuyafunga upya moja moja. Bi Jennifer alimtazama, kisha akaenda kumletea uzi.

Walitandaza nyavu kimya kimya, kama alivyofundishwa. Fereti akaingia. Chini ya ardhi pakasikika kishindo, na sungura wa kwanza akajirusha wavuni. Bi Jennifer alimdaka kwa mkono wa mazoea ya miaka arobaini, akamshika miguu amvunje shingo kwa pigo moja.

"Subiri!"

Sauti ilikuwa ya Hamad, kwa Kiingereza, na kubwa kiasi cha kumshtua mama yake. Akaeleza haraka haraka kwamba akivunjwa shingo hataliwa kwao, lazima achinjwe na jina la Mungu litajwe. Alisema yote hayo bila kubabaika, mtoto ambaye walimu wake walikuwa wakimwandika kuwa hajui lugha.

 Jokha anasema alikuwa amekwishaona wakifukuzwa shamba la watu kwa kumpigia kelele mwenye shamba.

Bi Jennifer alimtazama mtoto, kisha mama. "Anajua anachofanya?"

"Kuliko mimi," Jokha alijibu.

Mama yeyote wa London humwogopa mtoto wa umri ule mwenye kisu mkononi, na Jokha hafichi kwamba aliogopa. Lakini Hamad alikipokea kisu cha Bi Jennifer, akakijaribu ukali wake kwenye ukucha, akakikataa, akaomba jiwe la kunolea. Alikinoa, akauliza Makka iko upande gani, akachinja mara moja. Kisha akakipangusa akamrudishia mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

"Alinirudishia kikiwa kikali kuliko nilivyompa," anasema Bi Jennifer. "Na tangu siku hiyo kisu hicho nimemwekea yeye. Hakitoki shambani, tumeelewana."

Siku hiyo walipata sungura wanne. Kwao Muyuni aliyeonyesha njia hupewa paja, na Hamad hakutaka kusikia lingine. Jioni, mama yake pembeni, alibisha mlango wa Mzee Tarsem na paja la sungura limefungwa vizuri, akamkabidhi mzee kitandani.

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka mezani kando ya kitanda.

"Kijana, mimi nashukuru sana," alisema. "Lakini dini yangu nakataza nyama ya kuchinja kiislamu. Nikikula, nimekosea. Nikikudanganya nimekula, pia nimekosea."

Jokha alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka miwili anampikia mzee huyu uji na dengu, hajawahi kufikiria hilo. Hamad naye uso ulimwiva, lakini hakuondoka.

"Sasa nyie mnachinjaje, mzee?"

"Pigo moja tu. Kwisha."

Hamad akalichukua paja lake na kuaga. Wiki nzima, mama yake anasema, alikuwa akipiga hesabu kichwani. Jumamosi iliyofuata walipata sungura watatu. Wawili aliwachinja. Wa tatu alimwachia Bi Jennifer na kumwomba afanye vile vile afanyavyo siku zote.

Saa kumi na moja jioni alikuwa tena mlangoni kwa mzee, safari hii na sungura mzima.

"Huyu wako, mzee. Kisu changu hakikumgusa. Kamuua Bi Jennifer, pigo moja."

 Mzee Tarsem alivua miwani akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Binti yake Harjit, anayefanya kazi uwanja wa ndege, alimpika sungura yule kwa tangawizi na bizari, na mzee aliyekuwa akikataa hata kijiko cha uji akala mabakuli mawili. Tangu hapo kila Jumamosi kuna sungura wa kuchinjwa na kuna sungura wa mzee, na hawachanganywi mfuko mmoja.

"Huyu kijana nanipa heshima," anasema Mzee Tarsem. "Mimi nalala hapa kitandani, lakini Jumamosi mimi iko kwa msafara."

Jokha haachi kushukuru. Anamshukuru mzee, anamshukuru Bi Jennifer, anamshukuru hata yule mlinzi wa bustani ambaye angeweza kuita polisi asiite. Anachoogopa ni kwamba shukrani zake ni zake, na uamuzi ni wa mtoto. Hamad sasa anazungumza, anakula, shuleni amepata rafiki. Lakini kila Ijumaa humpigia babu yake, na kila Ijumaa babu humuuliza anarudi lini.

Leo, baada ya saa tano za matope, wawili hao wamekaa ndani ya treni wakirudi Southall, mfuko mmoja miguuni mwa kila mmoja wao. Jokha anatazama nje kwa muda, halafu anaona bora liwalo na liwe.

"Wakala wa tiketi ananitaka jibu Jumatatu," anamwambia mwanawe. "Ile safari ya Pasaka."

"Enhe."

"Nikukatie ya kwenda tu?"

Hamad anainua uso. "Na wewe?"

"Mimi nitakufikisha kwa babu, kisha nirudi kazini."

"Peke yako?"

"Ikiwa ndivyo ulivyoamua, baba."

Mtoto anaangalia mfuko ulio miguuni mwake, ule wa sungura wa mzee, usiochanganywa na mwengine. Anakunja uso kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana.

"Na msimu ujao nani atampelekea Mzee Tarsem sungura wake? Wewe? Wewe hata kutandaza wavu hujui." Anatikisa kichwa. "Kata mbili za kwenda na kurudi, mama. Wiki mbili zatosha. Babu nitamweleza mwenyewe."

Jokha anageukia dirishani na kulia, mbele ya abiria wote, wala haoni haya.