Barua Iliyokosa "However"

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na wanafunzi wangu wanajua kwamba sina subira na mtu anayenyunyiza "however" kwenye insha kama chumvi kwenye mchicha. Unakuta mtoto kaandika kwamba anapenda ugali, "however" nyumbani kwao kuna kuku. Hapo nakata kwa wino mwekundu, na mkono wangu si mwepesi. Wananiona mkali bure. Sijawahi kuwaambia sababu.

Neno hilo nilifundishwa middle school, enzi za Mwingereza, tukiwa wasichana wanne tu darasani. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, kaptura yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alisema: sentensi ya kwanza mpe mwenzio haki yake, mkubalie lile lililo kweli. Weka nukta. Andika "However", yaani hata hivyo, weka mkato, kisha sema lako. Ni neno la mtu mwenye adabu ambaye bado hajakubali. Nililipenda siku ileile. Nyumbani niliambiwa kila siku kwamba nina mdomo, na sasa nimepewa njia ya kubisha bila kugombezwa.

Mwaka huohuo wapimaji walifika kwetu Temeke na kusimika mawe ya saruji. Barabara mpya ingepita nyuma ya nyumba yetu, juu ya kaburi la mdogo wangu, aliyekufa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Lilikuwa kaburi dogo, limezungushiwa mawe ya matumbawe, na mama alilifagia kila Ijumaa. Jumbe akapita nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba mwenye neno amwandikie Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kabla mwezi mwingine haujaandama.

Baba alikuwa seremala, mtu wa kusini, na kuandika kwake kuliishia kwenye vipimo vya mbao. Akaniita, akaifuta meza kwa kiganja, akaniambia nikae. Niliandika barua kwa Kiingereza, kisha nikamsomea kwa Kiswahili. Tunatambua kwamba barabara ni faida ya wote, na kwamba serikali ina haki ya kuipitisha. Hata hivyo, mahali hapo amelala mtoto wetu, nasi tunaomba isogezwe hatua ishirini tu.

Baba akanyanyua mkono. "Hapo kwenye hata hivyo, unamjibu."

"Ndivyo tunavyofundishwa, baba. Kwanza unakubali, kisha unasema lako."

"Mwanangu, barua ni hodi. Ulishaona wapi mtu kaoa kwa barua? Barua ya posa inatangulia na heshima zake, wazee wanaitwa, na maneno yenyewe yanasemwa mkekani, watu wanatazamana. Hodi haigombani na mwenye nyumba. Futa hapo. Habari ya mtoto nitaisema mie mwenyewe nikiitwa."

Nilijua kilichobaki baada ya kufuta. Ilibaki barua inayokubali kila kitu na haiombi chochote. Nilijua pia kwamba Mzungu haiti watu mkekani kwa sababu wameandika vizuri. Mwalimu alikuwa ametuonya waziwazi: ukiishia kwenye sentensi ya kwanza, msomaji atajua umemaliza. Lakini baba alikwisha sema, na mtoto wa kike hamrudishii baba yake neno. Nikachukua karatasi safi. Nilinakili kwa hasira, nikaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, nikalazimika kuanza upya. Mwandiko wa mara ya tatu ulikuwa mzuri sana. Baba aliusifu, akatia sahihi yake taratibu, herufi moja moja.

Baada ya hapo akawa anangoja kuitwa. Kanzu yake ilifuliwa ikatundikwa. Jioni nilimsikia uani akiyapanga maneno yake, akianzia mbali kama ilivyo desturi: kwanza amani, kisha shukrani kwa serikali, kisha mtoto. Mama hakuwa na wasiwasi. Kwake yeye barua ilikwisha andikwa na binti msomi, na kwa hiyo kaburi lilikuwa salama. Aliwaambia hivyo majirani, na mie nilikuwa nimesimama hapohapo.

Jibu lilikuja kwenye bahasha ya kaki. Nililisoma kwa sauti, baba na mama wamekaa. Bwana Shauri alimshukuru baba kwa kuikubali barabara bila pingamizi. Kazi ingeanza Jumatatu.

Asubuhi baba akavaa kanzu ile, akaenda boma. Alirudi adhuhuri, viatu mkononi. Karani alikuwa amemtolea jalada na kumwonyesha barua yake mwenyewe. "Mzee, si hii hapa? Mbona umekwisha kubali?" Baba alijaribu kuanza na salamu zake ndefu. Hazikufika mbali, akaambiwa kuna wengine wanangoja.

"Wanasema tumekubali," alimwambia mama.

"Nani kakubali?" Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. "Barua si imemtaja mtoto?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Haikumtaja. Huyu alimwandika, tena vizuri. Mie ndiye niliyemwambia afute. Nilidhani nitaitwa."

Sikuwahi kumsikia baba akikiri kosa kabla ya siku hiyo, wala sikumsikia akikiri tena. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi kama mgeni asiyejua atalala wapi. Nilimwonea huruma, na moyoni nikashukuru kwamba lawama imenipita.

Mama alimpita na ufagio wake mkononi. Alinigeukia mie.

"Na wewe uliyesoma," akaniuliza, "ulijua?"

Nikamwambia nilijua.